Mpakiaji na Mzinga wa Begani

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mizani ni vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati. Nilikuwa nimeingia ofisini siku yangu ya kwanza ya kazi, cheti kikiwa ndani ya bahasha na mkoba umejaa vitabu ambavyo hakuna mtu aliyeniambia nivilete. Mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye mvi chache juu ya masikio, alinijia moja kwa moja. Nilinyoosha mkono nimsalimie. Yeye akapitisha vile vidole viwili chini ya mkoba wangu, akauinua kidogo, akauachia.

"Mzigo wako umelalia kushoto," alisema. "Jioni mgongo utakulaumu. Karibu kazini."

Jioni mgongo ulinilaumu kweli.

Baadaye niligundua kwamba ndivyo anavyosalimiana na dunia nzima. Huinua pembe ya meza kabla ya kuiegemea. Hupima uzito wa kikombe cha chai kabla ya kunywa. Siku moja nilimwona akiinua mguu mmoja wa kiti cha meneja, meneja mwenyewe akiwa amekikalia na anaongea na simu. Meneja hakukatiza hata sentensi, maana amezoea. Ndiyo sababu jina lake la kuzaliwa limesahaulika pale kazini. Kwenye mifuko ya mashati yetu ya kazi tumeshonewa majina yetu; yeye ameshonewa Mizani.

Mimi naitwa Msomi. Jina hilo nilipewa kabla ya saa nne asubuhi siku ile ile, na sikuulizwa kama nalitaka.

Kampuni yetu huhamisha watu nyumba. Kazi yangu ni kuandika orodha ya vyombo: kabati la milango mitatu, kioo kimechubuka, stuli nne, moja inacheza. Kazi ya Mizani ni kusimama juu ya lori na kuamua kila kitu kikae wapi. Huvitazama vyombo vilivyotolewa nje kwa dakika tano hivi, kimya, halafu huanza kunyoosha kidole. Friji mbele kabisa, limesimama wima, limefungwa kamba. Maboksi ya vitabu chini. Magodoro katikati ya vioo. Viti huvipandanisha miguu ikiangaliana. Sheria zake ni tatu, na kila mbebaji mpya huzikariri kabla hajaonyeshwa choo kilipo: kizito kikae chini, kizito kikae karibu na kiwiliwili cha gari, si ukingoni, na kila kilicho kulia kipate mwenzake kushoto.

Sheria hizo hakuzisoma popote. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, wiki yake ya pili katika kazi hii, lori walilolipakia ovyo lilipinduka kwenye mteremko. Hakuna aliyeumia. Lakini aliona vyombo vya familia nzima vimetapakaa barabarani, cherehani limelala chali, na mwenye cherehani anaokota sindano moja moja. Tangu siku hiyo imepita miaka ishirini na saba, na hakuna lori alilolipakia yeye lililowahi hata kuinama.

"Mzigo wa Mizani unaweza kuuendesha huku unasinzia," dereva wetu hupenda kusema.

"Umewahi kusinzia?" Mizani humuuliza.

"Mara moja tu. Niliamka tumefika."

Basi mtu huyo, ambaye sikuwahi kumwona akisita mahali pa kuweka kitu, alinijia mezani Jumatatu moja akiwa amesita. Ilikuwa mwezi wangu wa nne. Alikunjua karatasi na kuitandaza mbele yangu. Alikuwa amechora mtu asiye na kichwa, mwenye visanduku mabegani, kifuani na kwenye nyonga.

"Msomi, wewe umesoma."

"Nimesoma."

"Basi nieleze. Mzinga wa tani kumi na mbili unakaa wapi kwenye mwili wa mtu?"

Nilisomea ualimu wa jiografia. Nilitafuta kichwani mwangu kwa bidii, kwa sababu swali lilikuwa limeulizwa kwa heshima, lakini sikukuta kitu.

"Mtu wa namna gani?" niliuliza.

"Wa chuma. Urefu wake ghorofa nne."

Ilichukua mapumziko yote ya chai kabla sijaelewa kwamba tulikuwa tunazungumzia mchezo wa kompyuta, na mapumziko ya mchana kabla sijaelewa kwa nini mtu wa miaka arobaini na sita alikuwa amekosa usingizi kwa ajili yake.

Mizani ana mtoto mmoja, binti wa miaka ishirini na moja. Yeye na mama wa binti huyo waliachana miaka mitano iliyopita, bila kelele. Mama na binti wakahamia mji mwingine, mbali, safari ya basi ya siku moja na nusu. Vyombo vyao alivipakia Mizani mwenyewe. Dereva ndiye aliyeniambia hayo, maana Mizani hayasemi. Alisema walipofika na kufungua lori, hata glasi moja haikuwa imepata ufa, na mama wa binti alikaa kwenye ngazi akalia.

Tangu hapo simu za baba na binti zilikuwa fupi. Hujambo baba, sijambo mama, umekula, nimekula, haya. Humwita mama kwa sababu binti amebeba jina la mama mzazi wa Mizani. Halafu, miezi michache kabla sijaajiriwa, binti alimtumia kwa basi kompyuta yake ya zamani, imefungwa ndani ya mataulo, na kikaratasi: "Baba, tucheze." Kuanzia hapo walikutana kila Jumamosi saa kumi jioni ndani ya mchezo wa maroboti makubwa, kila mmoja nyumbani kwake, wakisikilizana kupitia kompyuta.

"Saa mbili nzima tunaongea," Mizani aliniambia, macho yakiwa kwenye karatasi. "Ananigombeza, anacheka. Sikujua kama anacheka hivyo."

Sasa kulikuwa na mashindano ya wachezaji wawili wawili. Raundi ya kwanza kila mtu angecheza akiwa kwake. Wanaoshinda wangekwenda kucheza raundi ya pili ukumbini, katika mji ule anakoishi binti, na sharti lilikuwa kwamba wawili hao wakae pamoja, kiti kwa kiti, siku mbili.

"Kwani huwezi kwenda tu kumtembelea?" niliuliza.

"Niende kama nani? Nikae sebuleni kwa mama yake na mume wake mpya, nikoroge chai, niulizwe habari za safari?" Alitikisa kichwa. "Ukumbini ningekuwa mwenzake. Ningekuwa na kiti changu."

Tatizo ni kwamba alikuwa mchezaji mbaya. Binti alikuwa na mwanafunzi mwenzake chuoni, hodari, aliyekuwa akingoja nafasi hiyo hiyo. Kwa hiyo alimwambia baba yake wazi: nakupa Jumamosi mbili, ukiendelea kupiga ardhi, nitamwandikisha yeye.

"Kupiga ardhi?" niliuliza.

"Njoo Jumamosi uone mwenyewe," alisema. "Labda wewe utaelewa. Mimi sielewi kitu."

Nilikwenda. Mizani anaishi na mdogo wake wa kike, mshonaji wa mapazia, na sebule yao nusu ni karakana. Mapazia ya watu yananing'inia kila mahali, kiasi kwamba unaweza kuingia na usijue mwenye nyumba yuko upande gani. Kompyuta ilikuwa kwenye meza ndogo dirishani. Chini ya mguu mmoja wa meza palikuwa na kadibodi iliyokunjwa mara nne.

"Karibu, Msomi," dada mtu alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Umekuja kumwona kaka yangu akipigwa? Kaa hapo, usikalie pini."

Mizani alinionyesha roboti lake kabla ya mchezo kuanza. Lazima niseme ukweli: lilikuwa limepakiwa vizuri sana. Mchezo ule hukupa roboti tupu na silaha zako, halafu unachagua kila silaha ikae wapi: mabegani, mikononi, kifuani au kwenye nyonga. Mizani alikuwa ameifunga mizinga miwili mizito kwenye nyonga, mmoja kulia na mmoja kushoto. Makombora aliyabana tumboni. Juu, mabegani, hakuweka chochote. Roboti lilionekana imara kama jiko la chuma. Ningekuwa na kabati la mama yangu la kuhamisha, ningelikabidhi kwake.

Mchezo ulianza. Roboti lilitembea mpaka nyuma ya kilima na kusimama. Kwa kuwa chumba cha dereva wa roboti kimo kichwani, tuliona juu ya kilima, na ng'ambo ya pili tukamwona adui, roboti jekundu, ametugeuzia ubavu.

"Namwona!" Mizani alisema, akafyatua mizinga yote miwili.

Udongo ulilipuka mbele ya pua yetu. Skrini ikajaa vumbi.

"Baba, unapiga ardhi!" Sauti ya binti ilitoka kwenye spika, nyembamba na ya haraka.

"Nimemwona kabisa, mama!"

"Wewe umemwona, mizinga haijamwona! Macho yako yako juu ya kilima, mizinga yako iko chini ya kilima. Iko kiunoni!"

"Basi nifanye nini?"

"Sasa hivi? Kimbia!"

Hakukimbia. Alikipanda kilima chote mpaka kileleni, ili mizinga nayo ione, na akasimama pale wazi, roboti zima kuanzia nyayo mpaka kichwa. Lilidumu kama sekunde nne.

"Umepanda kama mtu anayekwenda kuhutubia," binti alisema. Dada mtu alicheka mpaka cherehani likasimama.

Kisha binti akaeleza, taratibu, kama mwalimu mwenye subira aliyekaribia kuimaliza. Mzinga mzito uwe begani. Ukiwa begani, unajificha nyuma ya kilima, unachomoza kichwa na bega tu, unapiga, unarudi chini. Adui hana cha kupiga.

"Litaanguka," alisema Mizani.

"Halianguki, baba."

"Tani kumi na mbili, juu, upande mmoja, na halianguki?"

"Ni mchezo!"

"Mchezo una kilima. Mchezo una upepo, nimeona nyasi zinalala. Juzi uliniambia silaha zikipata moto niingie mtoni zipoe, nikaingia, zikapoa." Alisogea karibu na skrini kana kwamba binti yumo ndani. "Kwa nini mchezo ujue kwamba maji yanapoza, halafu usijue kwamba mzigo unaangusha?"



"Sijui, baba," binti alisema. Na ilionekana kweli hajui.

Lakini alikuwa bado na la pili, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alitaka silaha zote ziwe upande wa kulia. Upande wa kushoto ubaki mtupu, uwe ngao. Adui akipiga, unamgeuzia kushoto. Mkono ukikatika, hujapoteza silaha yoyote.

Mizani alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akanigeukia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa akae mezani kichwa chini, miguu juu.

"Umesikia anachosema?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Kulia vyote. Kushoto bure."

"Nimesikia."

"Wewe unaonaje?"

Nilitamani sana kuwa na maoni. Nilimwambia kwamba hoja ya kilima inaeleweka kijiografia. Hilo halikumsaidia, na dada mtu aliniambia nikae kimya nisije nikachomwa pini kweli.

Wiki iliyofuata Mizani alikuja kazini akiwa kama mtu aliyesahau lugha yake. Jumanne tulikuwa tunampakia mwalimu mstaafu, mbebaji mmoja akampandishia Mizani boksi la sufuria, na Mizani akalishika, akazunguka nalo mara mbili juu ya lori, akasema, "Hili liende wapi?"

Dereva alitoa ufunguo kwenye gari akautia mfukoni. "Mizani anauliza! Leo siendeshi. Tafuteni mwingine mwenye bima."

Watu walicheka, lakini Mizani hakucheka. Alikaa juu ya boksi akaniita. "Msomi, nimekuwa nikilala na sheria tatu miaka ishirini na saba. Huyu mtoto anazivunja zote tatu kwa dakika moja, na roboti lake linasimama. Langu ninalifunga vizuri, linakufa. Sasa mimi nimekuwa nikifanya nini?"

Nikamwambia kwamba sheria zake ni za malori. Akasema hilo analijua. Akasema lakini mwili wake haulijui.

Jambo lililomsogeza kidogo lilitokea Jumatano, na lilitokea kwa sababu ya ufunguo uliopotea. Mteja alikuwa amefunga geti la nyumba mpya kwa kufuli, kisha hakuna aliyejua ufunguo uliko. Vitu vyepesi ikabidi vipitishwe juu ya ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa kimo cha mtu. Mizani alikuwa amekwisharukia upande wa ndani, mimi nilikuwa juu ya ngazi na daftari langu, na dereva, ambaye ni mrefu, alikuwa nje. Dereva aliinua meza ndogo ya chai juu ya kichwa chake, akachungulia, akaipitisha. Kisha stuli. Kisha nyingine. Kila mara Mizani aliona macho mawili, mikono miwili na chombo, basi.

Kwenye stuli ya tatu Mizani aliacha kupokea. Alibaki anatazama.

"Pokea basi, mikono inakufa ganzi!" dereva alipiga kelele.

"Ngoja. Ishushe. Ishike kiunoni."

"Nini?"

"Ishike kiunoni, halafu nipe."

"Nikupe vipi ikiwa kiunoni? Nipande ukuta mzima na viatu?"

"Enhe," Mizani alisema, polepole. "Upande ukuta mzima na viatu." Akanitazama kule juu ya ngazi. "Ndivyo nilivyofanya mimi."

Dereva hajaelewa mpaka leo. Alisimama na stuli juu ya kichwa akituuliza kama kuna mtu atampokea au aende nayo nyumbani.

Njiani kurudi, Mizani alisema, "Nimeelewa kwa nini anataka mzinga uwe juu. Bado sijaelewa kwa nini halianguki."

"Na kushoto kutupu?"

"Hilo hata usinitajie."

Jumamosi ya pili mzinga ulikuwa kwenye bega la kulia, bunduki ndogo za miale kwenye mkono wa kulia, na kushoto hapakuwa na kitu. Mizani alikuwa ameyafanya yote aliyoambiwa, kwa uso wa mtu anayekunywa dawa. Tatizo likawa kwamba mzinga ulikuwa kulia ndani ya mchezo, naye akawa anaegemea kushoto kwenye kiti. Mchezo mzima alikaa hivyo, amejinyonga, bega moja karibu na dirisha, akilisaidia roboti lisianguke.

"Kaka," dada mtu alisema, "roboti halianguki, ila kiti kitaanguka."

Lakini alipiga. Alijificha, akachomoza bega, akapiga, akarudi. Roboti jekundu lilipoteza mguu. Binti alipiga ukelele ulionishtua hata mimi niliyekaa mbali. "Baba! Umeona? Umeona ulichofanya?" Walicheza mara tatu. Walishinda mara mbili, na mara ya tatu walishindwa kwa sababu Mizani aliingia mtoni kupoza silaha akasahau kutoka.

"Nakuandikisha," binti alisema mwishowe. "Wewe na mimi. Mpangilio wa silaha zako utaujaza mwenyewe, baba, kila mtu anajaza wake. Mwisho Ijumaa saa sita mchana, Jumamosi saa kumi tunacheza. Ikishapita saa sita hakuna kubadilisha. Weka kama leo."

"Kama leo," Mizani alisema.

Ijumaa hiyo ni leo. Asubuhi nilikuwa nje na orodha za mteja, na niliporudi ilikuwa saa sita na dakika kumi. Mizani alikuwa kwenye meza yangu, mbele ya kompyuta ya ofisi, amefurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeiona wiki nzima.

"Nimemaliza," alisema. "Na nimelitatua."

"Umelitatua nini?"

"Lile la kushoto."

Alipiga simu kwa binti yake na kuiweka kwenye spika ili nami nisikie. Alimweleza kwa fahari. Mzinga uko begani kulia kama alivyotaka, miale mkononi kulia kama alivyotaka. Ila alipofika mwisho wa fomu aliulizwa jambo ambalo siku zote mchezo ulijipangia wenyewe: masanduku ya risasi yakae wapi. Manne, mazito, na kushoto kuko kutupu. Basi aliyaweka yote manne kwenye mkono wa kushoto. "Nimepima tani kwa tani, mama. Kulia na kushoto sawasawa. Sasa hata nikikaa, nakaa wima."

Kwenye spika tulisikia binti akibofya vitufe.

"Upo?"

"Baba. Kushoto ni ngao."

"Ndiyo. Na bado ni ngao. Silaha haipo hata moja."

"Ngao ndiyo inayopigwa. Masanduku ya risasi yakipigwa, yanalipuka."

Mizani alinitazama. Mimi nilitazama saa ya ukutani.

"Yanalipuka kiasi gani?" aliuliza.

"Mkono, bega, kifua. Wewe mzima. Risasi moja tu ikigusa pale, umekwisha." Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayesoma kitu kwenye skrini na kutumaini amesoma vibaya. "Na sasa imefungwa. Imeshapita saa sita."

"Mama, mimi nilidhani..."

"Majina yanaweza kubadilishwa mpaka saa kumi na moja, mchezaji mpya anajaza fomu yake," binti alisema. Kisha akasema, "Nitakupigia," na simu ikakatika.

Nilijua maana ya maneno yale ya majina, na Mizani alijua. Alasiri tulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, na aliipakia yote bila kukosea hata stuli. Simu aliiweka juu ya friji, mahali ambapo angeiona. Dereva, ambaye hana siri inayomkaa mdomoni wala utani unaomkaa tumboni, safari hii alifunga tu kamba zile anazofunga kila siku, mara mbili mbili.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano simu iliita. Mizani aliruka kutoka juu ya lori kama kijana, akaweka spika.

"Sikiliza vizuri," binti alisema. "Kesho upande wako wa kushoto usiugeuze kwa mtu yeyote. Mimi nitasimama kushoto kwako. Mechi nzima. Ukitembea, natembea. Ukisimama, nasimama. Ukitaka kugeuka, sema kwanza, nizunguke nawe."

"Na silaha zako? Wewe si hukimbia huku na huku?"

"Kesho sikimbii."

"Na yule mwenzako wa chuoni?"

"Nimemwambia apumzike."

"Lakini hivyo watakupiga wewe."

"Baba, nimesema sema kwanza ukitaka kugeuka. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na usiingie mtoni!" Hapo sauti yake ilikatika kidogo, na sikuweza kujua kama ni mtandao au ni kicheko. Simu ikazima.

Mizani alisimama nyuma ya lori lililojaa, simu mkononi.

"Amekasirika?" aliniuliza.

"Sijui."

"Mwishoni alicheka?"

"Nadhani alicheka."

"Kama alicheka, kwa nini kabla ya hapo aliongea vile? Na kama amekasirika, kwa nini amebaki?" Alimgeukia dereva. "Wewe una mabinti watatu. Amekasirika?"

"Mimi wa kwangu nimeishi nao miaka kumi na minane na sijapata jibu," dereva alisema. "Panda, twende."

Meneja amekubali kwamba kesho lori lirudi kabla ya saa nane. Dereva aliahidi kwenda mbio, na Mizani akamkataza, kwa sababu kuna kabati la vioo. Dada mtu amesema atafunga cherehani saa tisa na nusu na asisikie mteja. Mimi nimeambiwa nikae nyuma ya kiti, na kazi yangu ni moja, kumkumbusha aseme kabla ya kugeuka.

Ninaandika haya ofisini, ni saa kumi na mbili na robo jioni. Mizani hajaenda nyumbani. Ameniuliza mara mbili roboti likisimama kushoto mwa jingine huwa karibu kiasi gani, na kama mawili hayo yanaweza kugongana, na kama yakigongana mchezo unajua. Nimemwambia sijui. Kisha ameniuliza zimebaki saa ngapi mpaka kesho saa kumi. Nimehesabu: saa ishirini na moja na dakika arobaini na tano. Amesema ni nyingi mno. Ameenda mpaka mlangoni, akarudi, akasema ni chache mno, akaniomba nihesabu tena.